Jembe limebaki mikononi mwa wazee

Katika vijiji vingi vya Beni na Lubero, anayeshika njia ya shamba asubuhi ni mama mwenye mvi ao mzee mwenye kuegemea fimbo. Vijana wako mjini Butembo wanaendesha moto ya kubeba watu, wengine wanauza vocha za simu, wengine wako kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Manguredjipa. Wazee wanasema: «Vijana wa leo ni wavivu.» Sisi tunaona neno hilo ni jepesi mno. Tuulize historia kwanza.

Wahenga wetu Wanande walijiita abakondi, maana yake wakata-msitu. Kijana aliyetaka kuheshimiwa alishika shoka, akafyeka, akapanda migomba, akajenga na kuoa. Mwenye udongo alipata sehemu yake ya mavuno, lakini mlimaji alijua kwamba pale alipotoa jasho patabaki kwa watoto wake. Basi shamba ndilo lilimtoa mtu utotoni.

Wabelgiji walipokuja mambo yaligeuka. Tangu mwaka wa 1917 sheria ilileta mazao ya lazima: mkulima aliamriwa apande nini, na mwenye kukataa alilipa faini ao alifungwa. Ndipo jembe likaanza kunuka utumwa. Na shule ilikuja na njia ingine: mtoto aliyefaulu alikuwa karani mwenye shati safi, aliyeshindwa alirudi shambani. Hata leo, katika mashule mengi, mwanafunzi mkosaji anapewa jembe kama azabu. Tushangae je akilichukia?

Udongo nao ulipungua. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa mwaka wa 1925, kisha ikapanuliwa mpaka bonde la Semliki. Mwaka wa 1973 sheria ya ardhi ilisema udongo wote ni mali ya Taifa. Mwenye makuta na mwenye kujua ofisi alipata karatasi; mwanakijiji alibaki na desturi mdomoni. Na baba mwenye shamba dogo akiligawa kwa wana watano, kila mmoja anapata nini? Mistari michache ya maharage.

Tena kahawa, iliyosomesha watoto wengi wa kwetu, iliangushwa mara mbili. Mwaka wa 1989 mapatano ya inchi za kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka duniani. Kisha ugonjwa wa mnyauko ukakausha robusta ya Beni. Mtoto aliyeona baba yake anang'oa mikahawa mikavu hakuhitaji mtu wa kumfundisha kukimbia shamba.

Na kisha damu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yamewakuta watu wengi wakiwa shambani mwao. Hapo kijana anayebaki mjini hatumuiti mvivu: anataka kuishi.

Wengine watasema kwamba hata kukiwa amani hawatarudi. Kakao inawajibu. Mwaka wa 2024 bei yake ilipita dola 10.000 kwa tani katika masoko ya dunia, na upande wa Mangina na Oicha kuna vijana wanaohatarisha maisha yao ili wavune. Kumbe kazi yenye faida haiwaogopeshi.

Lakini wazee hawatangoja. Mzee akifa, anazikwa pamoja na majina ya mbegu, mipaka ya mashamba, na akili ya kusoma mvua. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wazazi wampe kijana kipande chake wakiwa wangali hai, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, siyo kumfanya mtumishi mpaka siku ya matanga. Na mashule yaache kutumia jembe kama fimbo. Mkata-msitu wa zamani alikubali jasho kwa sababu aliona lake. Mjukuu wake naye anataka aone lake.