Mshipa, Korona na Kasi ya Mapigo

Neno "mshipa" lilikuwa na kazi nyingi kabla halijakutana na mashine: lilitaja njia ya damu, neva, hata ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa wa Shinyanga au Geita aliyeambiwa ana tatizo la mshipa, kisha akapewa rufaa ya Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, aweza kufika huko akiwaza ugonjwa mwingine kabisa.

Mwaka huohuo, mjini London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo ilichukua dakika nyingi. Kichwa hutulizwa, moyo hautulizwi. Hata leo, mapigo yakizidi 65 hivi kwa dakika, picha ya ateri za moyo huelekea kufifia, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya kuyapunguza. Basi tutenganishe "mpigo", ambao ni tendo, na "kasi ya mapigo", ambayo ni hesabu.

"Ateri za korona" lina asili njema, kwani korona ni taji. Lakini tangu mwaka 2020 neno hilo humtisha msikilizaji. "Ateri za moyo" latosha. Na muuguzi asiseme "tuliza moyo": mgonjwa husikia pole, naye alikusudia kasi.