Sauti Nyuma ya Picha: Humphrey Bogart, Mto Naili na Vibanda vya Kamwokya

Atokaye katikati ya Kampala kwa Barabara ya Kira, akaipita Makumbusho ya Uganda iliyojengwa Kitante mwaka 1954, huingia Kamwokya, mtaa uliojikunja bondeni kati ya vilima, wenye nyumba zilizosongamana, soko, karakana na vichochoro vijaavyo tope wakati wa masika, na wakazi waliotoka kila pembe ya Uganda na nchi zipakanazo nayo. Hapa, kama katika mitaa mingine ya watu wa kipato haba jijini, vilizuka tangu miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha vyumba vya mbao na mabati viitwavyo vibanda, ambamo mtu hulipa fedha kidogo, akaketi juu ya bao pamoja na jirani zake, akatazama sinema ya Marekani au ya Hong Kong huku ikisimuliwa kwa Kiganda na mtu asiyeonekana pichani. Wako wanaovihesabu vibanda hivyo kuwa maskani ya vijana wasio na kazi. Mimi naona kwamba vina haki ya ukurasa wao katika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki, na ili nidhihirishe rai yangu sina budi kuanza na habari za mchezaji mmoja wa sinema ambaye sidhani kama jina lake lilitamkwa mara nyingi Kamwokya, ilhali tuzo kubwa kuliko zote za maisha yake aliipata kwa kazi aliyoifanya juu ya maji ya Kongo na ya Uganda.

Humphrey DeForest Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, baba yake tabibu mpasuaji na mama yake mchoraji mashuhuri wa picha za magazeti na vitabu. Kuzaliwa katika nyumba ya wenye nafasi hakukumletea utulivu: mwaka 1918 alifukuzwa katika shule ya Phillips Academy, akajiunga na jeshi la majini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa ukingoni, kisha akatangatanga hata alipoingia katika michezo ya jukwaani, ambako kwa muda mrefu alipewa sehemu za vijana watanashati zisizokumbukwa na mtu. Nyota yake iling'aa mwaka 1935, alipocheza sehemu ya jambazi mtoro katika mchezo wa The Petrified Forest. Na kampuni ya Warner Bros. ilipoazimia kuugeuza mchezo ule kuwa sinema na kumpa mtu mwingine sehemu hiyo, mchezaji mkuu, Leslie Howard, alikataa katakata kucheza pasipo Bogart. Ilikuwa hisani ambayo mwenziwe hakuisahau, hata binti yake alipozaliwa mwaka 1952 akamwita Leslie.

Mlango uliofunguliwa, hata hivyo, haukuwa mpana. Alicheza ujambazi mpaka akachoka, akapigwa risasi katika sinema moja baada ya nyingine, na mwaka 1939 akavishwa nguo nyeusi na kofia ya kauboi katika The Oklahoma Kid, vazi ambalo kwa kweli halikumkaa. Alikuwa mtu wa miaka 41 alipopata mwaka 1941 sinema mbili zilizomtoa katika kundi la wasindikizaji, High Sierra na The Maltese Falcon, na mwaka uliofuata Casablanca ikamfanya kuwa mashuhuri duniani. Inafaa msomaji wa Afrika akumbuke kwamba hiyo Casablanca, iliyowaonyesha mamilioni ya watu mji wa Morocco, ilipigwa California, na bara letu lilikuwa humo jina na pazia tu.

Na umaarufu huo ulisimama juu ya nini? Uso wa Bogart haukuwa mzuri kwa kipimo cha wachezaji wa zama zake. Mdomo wake wa juu ulikuwa na kovu, kimo chake kilikuwa cha kadiri. Mali yake ilikuwa sauti: nzito kidogo, kavu, yenye kithembe chepesi, sauti ya mtu aliyeona mengi asiyetaka kuyaeleza yote. Waliompenda walikuwa wakimsikiliza kama walivyokuwa wakimtazama, na wengi walimwigiza kwa maneno kabla ya kumwigiza kwa vazi. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu ndilo litakalotufikisha vibandani.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston, rafiki yake, alimchukua kwenda kutengeneza The African Queen kwa mujibu wa riwaya ya C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Kisa chenyewe ni cha nchi yetu: mwaka 1914, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, fundi mlevi aitwaye Charlie Allnut na mmisionari wa kike Rose Sayer wanateremka mto kwa kimashua kibovu wakikusudia kuizamisha manowari ya Kijerumani ziwani. Mto huo kitabuni huitwa Ulanga, ingawa Ulanga wa kweli hujimimina Rufiji wala hauendi katika ziwa lolote. Manowari nayo ina asili yake, kwani mwaka 1915 Waingereza walizikokota mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo hata Ziwa Tanganyika, ili kupambana na meli za Wajerumani, ambazo kubwa yao ilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916 isije ikatekwa. Ikaopolewa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikatembea ziwani miaka mingi kwa jina la Liemba, ikibeba vizazi vya watu na dagaa wao.

Safari hii Afrika haikuchorwa juu ya mbao. Kundi lilipiga kambi Biondo katika Kongo ya Wabelgiji, kandokando ya mto Ruiki, kisha likahamia Uganda, Butiaba penye bandari ya Ziwa Albert, na katika Naili chini ya Maporomoko ya Murchison, pale ambapo mto mzima hubanwa katika mwanya wa mawe wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Kamera ya rangi ya zama zile ilikuwa pandikizi la chombo, na ili kuipeleka mtoni ilipasa iwekwe juu ya vyelezo vilivyokokotwa kwa mashua, pamoja na taa na jenereta, chini ya jua na mvua. Kimashua cha mchezo kilizama Ruiki kikalazimika kuvutwa kwa mikono ya watu. Siafu waliingia kambini; malaria na kuhara damu vikawaangusha watu mmoja mmoja; Katharine Hepburn, aliyecheza sehemu ya Rose na aliyeshika maji ya kunywa kwa imani ya afya, aliugua vibaya, ilhali Bogart na Huston, waliogusa maji kwa nadra na whisky kwa wingi, walisalimika. Bogart hakuipenda safari wala hakuficha. Mkewe, Lauren Bacall, aliyefuatana naye pasipo kuwa na sehemu katika sinema, alisaidia jikoni na kuwauguza wagonjwa, na mimi namheshimu kwa hilo. Zile picha za wachezaji wakiwa ndani ya maji, penye matete na ruba, zilipigwa baadaye Uingereza katika tangi la studio, kwa hofu ya maradhi.

Usiku wa tarehe 20 Machi 1952, katika ukumbi wa Pantages, Hollywood, Bogart alitunukiwa Oscar kwa sehemu ya Allnut, akimshinda Marlon Brando kijana. Ndiyo Oscar pekee aliyoipata. Miaka mitano haikutimia. Saratani ya umio ilimwondoa tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57.

Lakini sinema ile inapokwisha na majina yakapanda juu ya kioo, mtazamaji wa Uganda hatamwona mtu wa Butiaba hata mmoja aliyekata mti, aliyekokota chelezo, aliyepika au aliyeshika usukani. Walikuwako, na pasipo mikono yao hakuna kamera ambayo ingefika mtoni. Hata moja ya mashua zitajwazo kuwa za sinema hiyo, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 na kuhudumu katika Ziwa Albert na Naili zaidi ya miaka 50, ilichukuliwa, na leo hubeba watalii Key Largo, Florida. Butiaba ilisalia na ziwa lake, na ziwa lenyewe likafura mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaiua bandari. Nayasema haya kwa uchungu, maana historia ya sinema katika nchi zetu imeandikwa muda mrefu kana kwamba sisi tulikuwa mandhari.

Pamoja na hayo, wakati picha zilipokuwa zikichukuliwa kwetu, jambo jingine lilikuwa likikua taratibu, nalo ni kazi ya kusema. Tangu 1935 hata 1937, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, palikuwa na mradi wa kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika. Sauti zake zilitiwa katika santuri mbali na picha, ili filamu ile ile isikike kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine, na lori lake lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Baada ya 1939, serikali ya Kiingereza ilipounda idara ya sinema za makoloni, magari ya sinema yalikwenda vijijini na mkalimani mwenye kipaza sauti, aliyesimama kando ya kitambaa cheupe akawaeleza watu kinachopita. Serikali ilidhani imempeleka mtumishi wa picha. Watu, kwa desturi yao ya kusikiliza mtambaji wa hadithi, walimwona yeye kuwa ndiye mwenye shughuli.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Kampala ilikuwa na majumba ya sinema kama Norman na Odeon, yenye viti vya daraja na tikiti za bei, na aghalabu mali ya Wahindi. Na katika koloni za Afrika Mashariki wakaguzi walikuwa na mazoea ya kuamua ni picha gani Mwafrika haruhusiwi kuiona, hasa zile zenye bastola na ujambazi, yaani zile zile zilizomlea Bogart. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia katika muda wa siku 90, majumba yalikosa wenyewe. Vita na umaskini vikafuata. Norman ikawa kanisa. Ndipo baada ya 1986, amani iliporejea Kampala na mashine za video zikaingia pamoja na jenereta ndogo, sinema ikarudi kwa mlango wa nyuma, mitaani kama Kamwokya, mahali ambapo hakuna aliyewahi kujenga ukumbi.

Kazi ya yule msimulizi wa vibandani ambaye watu humwita VJ nataka kuieleza kwa utuo, kwa kuwa imedharauliwa. Hapo awali aliketi ndani ya kibanda, kipaza sauti mkononi na mkono mwingine juu ya kitufe cha sauti. Mchezaji akifungua kinywa, VJ huishusha sauti yake na kuingiza ya kwake. Bunduki zikilia, huipandisha tena ili watu wapate mtetemo wao. Hatafsiri neno kwa neno, na pengine lugha ya sinema haijui kabisa, kama ilivyokuwa kwa picha za Hong Kong. Lakini husoma uso, mwendo na kisa, akawapa wahusika majina ya Kiganda, akaitaja mitaa ya Kampala, akamwonya msichana dhidi ya mwongo kabla mwongo hajajulikana, akanyamaza panapopasa kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko ninakokuona kuwa alama ya ustadi. Mchezaji hutoa mwili, VJ hutoa ulimi. Na ile mali ambayo kwayo Bogart alipendwa New York, sauti, ndiyo ya kwanza kushushwa hapa, pasipo mtazamaji kuhisi kwamba amepunjwa.

Baadaye sauti hizo zikarekodiwa katika kanda na diski, na majina kama VJ Jingo na VJ Junior yakaenea Uganda nzima, hata mnunuzi akauliza kwanza sinema imesimuliwa na nani, ndipo aulize imechezwa na nani. Sanaa hii haikukomea Kampala. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, aliyesimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili hata sauti yake ikatambulikana nchi nzima. Na Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake cha mitaani kimewapa makauboi na mashujaa wa Kihindi uraia mpya. Kwa wamiliki wa filamu huo ni wizi, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 ya hakimiliki iko upande wao. Siwezi kukanusha haki ya mwenye mali. Nasema tu kwamba wamiliki hao hawakuwahi kuwapelekea watu wa Kamwokya sinema kwa lugha waijuayo wala kwa bei waiwezayo, na aliyewapelekea alikuwa VJ. Siku hizi vibanda vingi huishi kwa mpira wa Uingereza, na simu ya mkononi imewanyang'anya watazamaji. Ufundi umehamia katika faili na vituo vya televisheni.

Kamwokya yenyewe imekwisha kuingia pichani. Robert Kyagulanyi Ssentamu, aitwaye Bobi Wine, alikulia mtaani humo, akajenga humo studio yake ya muziki, akaimba, akacheza katika sinema ya Situka, kisha akaingia katika siasa na kugombea urais katika uchaguzi wa Januari 2021. Moses Bwayo, raia wa Uganda, alimfuata kwa kamera miaka kadhaa, akatiwa mbaroni akiwa kazini, na pamoja na Christopher Sharp akatoa Bobi Wine: The People's President. Tarehe 10 Machi 2024 filamu hiyo ilikuwa miongoni mwa tano zilizoshindania Oscar ya filamu za kweli, katika ukumbi wa Dolby, ulio katika barabara ile ile ya Hollywood Boulevard ulipo ukumbi wa Pantages. Ushindi ulikwenda kwa filamu ya Ukraine, 20 Days in Mariupol. Jina la Bwayo lilikuwamo pamoja na ya wengine, na watu wa Kamwokya waliomo katika filamu ile wanasikika humo kwa sauti zao wenyewe.