Irabu za Kirusi na Kiingereza

Irabu za Kirusi ni tano au sita, kutegemea anayehesabu ni nani. Za Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kwa desturi kuwa 20, na nane kati yake ni irabu unganifu, yaani zile ambazo ulimi huanzia mahali pamoja na kuishia pengine ndani ya silabi moja. Kirusi hakina fonimu (sauti inayotofautisha neno na jingine) ya namna hiyo hata moja. Hata hivyo, uchache wa irabu zake haukifanyi kiwe chepesi kutamka, kwa kuwa kila irabu hubadilika kwa kufuata mambo mawili: konsonanti inayopakana nayo na mahali mkazo unapoangukia.

Konsonanti nyingi za Kirusi huwa na sura mbili, ngumu na laini. Ile laini hutamkwa ulimi ukiwa umeinuliwa kuelekea kaakaa. Ndiyo maana herufi za irabu ni kumi: а, э, ы, о, у kwa upande mmoja, na я, е, и, ё, ю kwa upande wa pili. Kundi la pili kwa kawaida halileti irabu mpya, bali humwambia msomaji kwamba konsonanti iliyotangulia ni laini. Irabu yenyewe hata hivyo huguswa na ulaini huo. Katika мать, “mama”, a hutamkwa wazi kama tulivyoizoea. Katika мять, “kufinyanga”, ikiwa imebanwa na konsonanti laini pande zote mbili, husogea mbele mpaka ikakaribia irabu ya neno la Kiingereza “cat”. Kwa Mwingereza hizo ni irabu mbili. Kwa Mrusi ni moja.

Ubishi wa tano au sita unahusu ы, irabu ya juu inayotamkwa ulimi ukirudishwa nyuma na midomo bila kuviringwa. Kiingereza hakina irabu hiyo, wala Kiswahili. Mwanaisimu Lev Shcherba, aliyechapisha utafiti wake mkubwa juu ya irabu za Kirusi mwaka 1912, na wafuasi wake wa Leningrad waliihesabu kuwa fonimu kamili. Wanaisimu wa Moscow walisema ni и (i) tu iliyofuata konsonanti ngumu, na hoja yao ina uzito: jina Ivan likitanguliwa na kihusishi s, “pamoja na”, i yake ya mwanzo hugeuka na kusikika kama ы.

Mkazo ndio unaowasumbua zaidi wajifunzaji. Katika Kiswahili huangukia karibu daima silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu isiyo na mkazo hubaki na sauti yake. Katika Kirusi mkazo huhamahama, hata neno likabadilika maana: zamok ni ngome mkazo ukiwa mwanzoni, ni kufuli ukiwa mwishoni. Irabu isiyo na mkazo nayo hufifia. Neno молоко, “maziwa”, lina o tatu katika maandishi, lakini ya mwisho tu ndiyo hutamkwa o; ya kati husikika karibu na a, na ya kwanza ni sauti hafifu ya katikati ya kinywa. Wabelarusi huandika wanavyotamka, малако. Baadhi ya lahaja za kaskazini mwa Urusi bado huzitamka o zote. Hapa Kiingereza kinakutana na Kirusi, kwani nacho hufifisha irabu zake: linganisha “photograph” na “photographer”.

Kuhusu irabu unganifu, maneno kama май, “Mei”, au мой, “wangu”, humfanya msikilizaji adhani anasikia zile za “my” na “boy”. Lakini й (y) ya Kirusi ni konsonanti. Ushahidi uko katika sarufi: umbo la kike la мой ni моя (mo-ya), na y hiyo huiacha o na kufungua silabi inayofuata. Vivyo hivyo, irabu mbili zikifuatana huwa silabi mbili, kama ilivyo katika Kiswahili. “Clown” ya Waingereza, yenye silabi moja, imekuwa клоун yenye silabi mbili.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Lugha mama ya Kislavoni, chimbuko la Kirusi, ilikuwa na irabu unganifu, ikazigeuza zote kuwa irabu sahili. Kilituani, ndugu wa karibu, kimezihifadhi: sikio ni ausis, ilhali kwa Kirusi ni ukho. Kiingereza kilikwenda kinyume chake. Katika enzi za mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, irabu ya “time” ilikuwa i ndefu. Mageuzi makubwa ya irabu ndefu katika karne zilizofuata ndiyo yaliyoifanya ai. Siku hizi baadhi ya irabu unganifu za Uingereza zinarudi kuwa sahili, kama ile ya “hair”, ambayo vijana wengi huitamka kwa irabu moja ndefu. Na o ya Kirusi yenye mkazo, ikisikilizwa kwa makini, huanza na kivuli cha u, ingawa kivuli hicho hakitofautishi neno lolote na jingine.