Sura ya Nyumba, Mvuto wa Mnunuzi

Mtu anayetaka kuuza nyumba Kigali huanzia nje. Kabla dalali hajaleta wateja, geti hupakwa rangi, majani hukatwa, mfereji wa mvua huzibuliwa, na ukuta huoshwa pale chini ambapo tope jekundu hurukia kila mvua inyeshapo. Kazi yote hiyo Kiswahili hakijaipa jina moja linalokubalika. Wako wanaoiita “mvuto wa nje”, wako wa “mwonekano wa mbele”, na wako wanaotafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza wakapata “mvuto wa ukingo wa barabara”. Hilo la mwisho ndilo linalonikera, kwa kuwa limebeba ramani ya nyumba ya watu wengine.

Marekani, lilikozoeleka neno hilo, nyumba nyingi za vitongojini hukaa wazi: barabara, ukingo, majani mafupi, mlango. Mnunuzi hupunguza mwendo wa gari, akatazama, akaamua kushuka au kwenda zake. Katika maeneo ya Kigali kama Kibagabaga au Kicukiro, anayesimama ukingoni mara nyingi huona ukuta na geti, basi. Wanyarwanda hukiita kiwanja kilichozungushiwa ukuta igipangu, na tangazo likisema nyumba iko ndani ya igipangu, limekwisha kumjibu mnunuzi swali lake la kwanza. Tena Kigali ni mji wa vilima. Nyumba ya mteremkoni huonwa kwanza na aliye juu yake au ng’ambo ya bonde, naye haoni ukingo wala geti, anaona paa. Bati lililoshika kutu, vigae vilivyoota kuvu, tangi la maji lililoinama: vyote hivyo anavisoma kabla hajajua nyumba inaingiliwa wapi.

Na huo ukingo wenyewe si wa mwenye nyumba peke yake. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, na wakazi wa miaka 18 hadi 65 hutoka asubuhi kufagia, kufyeka na kuzibua mitaro. Barabara safi mbele ya nyumba inayouzwa ni jasho la mtaa mzima. Mwuzaji anayeisifu katika tangazo lake anasifu pia mikono ya majirani, na ni haki wakumbukwe.

Kama tunatafuta mahali hasa ambapo mgeni huipima nyumba, Kinyarwanda kina neno irembo. Ndiyo njia ya kuingilia kwenye makazi ya mtu, na heshima yake ni kubwa kuliko geti la chuma. Katika taratibu za posa, ujumbe wa kwanza wa upande wa mwanamume kwa wazazi wa binti huitwa gufata irembo, yaani kulishika lango. Watu wa pwani hawatashangaa, maana nao katika ndoa wana kifungua mlango chao. Tovuti ambayo Wanyarwanda huombea vyeti na kujiandikisha kwa mtihani wa leseni ya udereva nayo inaitwa Irembo. Mnyarwanda anayepaka geti rangi kabla ya kuuza anashughulika na neno zito, hata kama fundi wake anawaza bei ya kopo tu.

Ukishapita irembo unakanyaga imbuga, uwanja wa mbele uliofagiliwa, mahali pa kupokea watu. Neno hilo limekwenda mbali: mitandao ya kijamii kwa Kinyarwanda ni imbuga nkoranyambaga, na barabara ya katikati ya mji iliyofungiwa magari tangu 2015 sasa inaitwa Imbuga City Walk. Hapa mtu wa Kiswahili inambidi awe mwangalifu. Akiandika “nyumba ina ua mzuri”, msomaji wa Mombasa anaweza kuelewa jambo jingine kabisa, kwani kwake uani ni nyuma, penye jiko na kamba za nguo, mahali ambapo mgeni hapiti bila ruhusa. Kwa mbele pwani ina maneno yake: baraza, na huko Lamu daka, ile nafasi yenye viti vya mawe pembeni mwa mlango mkuu. Imbuga si ua, si baraza, si daka. Ni uwanja wa mbele, na hivyo ndivyo ningeandika. Suala hili si dogo. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na wakazi wa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Kigali, walikizungumza miaka mingi kabla ya sheria hiyo. Tangazo la Kiswahili lililoandikwa Kigali linaweza kusomwa Goma, Bujumbura na Mombasa, na kila msomaji ana uwanja wake kichwani.

Kwenye vitenzi ndiko lugha yetu inakosimamia uaminifu. Kukarabati ni kurudisha kilichoharibika katika hali yake. Kupamba ni kuongeza uzuri juu ya kilicho kizima. Kuremba ni kwa uso, na kunaweza kuficha. Chukua ule ukuta wenye tope. Maji yanadondoka kutoka paa lisilo na mfereji, yanapiga udongo mtupu, udongo unaruka na kuchora ukanda mwekundu unaofika karibu na magoti. Ukiweka mfereji, ukatandaza mawe au kupanda majani ya paspalumu chini yake, kisha ukaosha na kupaka rangi, umekarabati. Ukipaka rangi tu mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi ambacho Wanyarwanda hukiita impeshyi, ukuta utang’aa na nyumba inaweza kuuzwa. Lakini Machi itumba itaingia, yaani masika yao, na rangi iliyopakwa juu ya unyevu itaota malengelenge kisha itabanduka vipande vipande mbele ya mwenye nyumba mpya. Hapo kilichofanyika ni kuremba, na mnunuzi ndiye anayelipa tofauti ya maneno hayo mawili.

Kwa sababu hiyo nalikataa neno “mvuto” kuwa jina la kazi hii. Mvuto humpata anayetazama. Mwuzaji hawezi kuununua dukani wala kuupaka ukutani, na anayeuandika katika tangazo lake anamsemea mnunuzi kabla hajafika. “Mwonekano” ni afadhali, ila nao unabaki machoni pa mtazamaji. Neno ninaloliunga mkono ni “sura ya nyumba”. Sura ni ya nyumba yenyewe, ina paa, ina irembo, ina uwanja wa mbele, na yote hayo mtu anaweza kuyashika kwa mkono, kuyaosha, kuyarekebisha na kuyataja moja moja. Tena Kiswahili husema mtu amejenga sura, ameharibu sura, amebadili sura; neno limezoea kutenda na kutendwa.

Ombi langu kwa madalali, au abakomisiyoneri kama wanavyoitwa Kigali, na kwa wote wanaowaandikia matangazo: acheni kuandika “nyumba yenye mvuto wa kipekee”. Andikeni kwamba paa ni la vigae, mfereji wa mvua ni mpya, geti limepakwa rangi mwaka huu na ukuta umekarabatiwa, kama kweli umekarabatiwa. Kuvutiwa mwachieni mnunuzi.