Maadili ya Abunuwasi: Kutoka Baghdad hadi Kitabu cha Picha

Miongoni mwa wahusika wa ngano za pwani ya kusini ya Kenya, tangu Diani na Msambweni hadi Vanga, Abunuwasi ni mmoja wa wanaojulikana sana. Hata hivyo, Abunuwasi wa leo siye wa kale. Kila alipopata hadhira mpya, maadili yake nayo yaligeuka.

Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi. Alizaliwa Uajemi yapata mwaka 756, akafa Baghdad yapata 814. Alisifu mvinyo na mapenzi, akala kwa wakubwa, na mara nyingine akafungwa nao. Hakuwa mtetezi wa mnyonge. Alikuwa fasiki mwenye kipaji.

Alipowafikia Waswahili, mvinyo ulitoweka, werevu ukabaki. Visa vilivyosimuliwa kwingineko juu ya Juha na Nasreddin vilitiwa katika jina lake. Mathalani, Abunuwasi aazima sufuria kwa jirani, airudisha na nyingine ndogo, akidai kwamba imezaa. Jirani apokea kwa furaha. Safari ya pili sufuria hairudi: imekufa! Aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa? Hapa Abunuwasi ni mwongo, na jirani ni mwenye tamaa. Mtambaji hatoi hukumu. Huwaachia wasikilizaji wabishane.

Mwaka 1996 mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alitoa kitabu cha picha kiitwacho Abunuwasi, kilichochapishwa Nairobi na Sasa Sema. Humo Abunuwasi ni shujaa: hila zake zawapata wenye mali na tamaa, na msomaji amshangilia. Mchoro una nguvu hiyo. Humpa mlafi uso wake kabla hajatamka neno.

Mabadiliko haya yaeleweka. Mahali kama Diani, ambako viwanja vingi vya ufuoni vimeingia mikononi mwa wenye hoteli, mnyonge anayemshinda tajiri kwa akili ni faraja. Lakini faraja ina gharama yake. Hila ikisifiwa kwa sababu tu yamwumiza mkubwa, msomaji kijana hatajifunza kuitambua itakapomjia yeye mwenyewe, nayo mara nyingi humjia kwa sura ya zawadi, kama ile sufuria ndogo. Yafaa basi mwalimu wa Kwale asome kitabu hicho darasani pamoja na ngano ya mdomo, ili swali la mtambaji lisipotee: nani hasa aliyekosa?