Nani Abebe Mzigo? Historia ya Kusakinisha Programu katika Linux

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipoitoa Linux kwa umma, alichokitoa kilikuwa kiini tu, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine vya kompyuta. Programu za kufanyia kazi kila mtumiaji alijitafutia. Nyingi zilipatikana zikiwa msimbo chanzo, maandishi ya mtunga programu ambayo kompyuta haiwezi kuyatekeleza mpaka yageuzwe kuwa lugha ya mashine, na mtumiaji ndiye aliyeyageuza kwa amri ya make, kisha akazisambaza faili kwa make install. Kazi ilikuwa kuiondoa programu baadaye, kwa kuwa hapakuwa na daftari la kuonyesha faili gani iliwekwa wapi.

Agosti 1993 Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alitangaza mradi wa Debian, wa kuikusanya Linux pamoja na programu zake, ambao jina lake linaunganisha la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Humo ndimo ilimozaliwa dpkg, programu inayofungua kifurushi, yaani faili moja iliyobeba programu iliyokwisha kugeuzwa pamoja na maelezo yake, na kuandika kila kinachowekwa. Kampuni ya Red Hat ikaunda RPM kwa lengo hilo hilo.

Daftari likapatikana, mzigo ukabaki. Aliyetaka GIMP, programu ya kuhariri picha, aliambiwa kwamba inahitaji GTK, maktaba ya msimbo unaotumiwa na programu nyingi. Akiileta GTK, nayo ikadai GLib. Programu ya dselect ilijaribu kusaidia, ingawa menyu zake ziliwatatiza wengi. Ni APT, iliyotoka rasmi na Debian 2.1 mwezi Machi 1999, iliyomwondolea mtumiaji kero hiyo, kwani amri yake ya apt-get install huukokotoa mlolongo wote, ikavileta vifurushi kutoka kwenye seva au CD na kuvikabidhi kwa dpkg.

Jambo lisilosifiwa vya kutosha ni adabu ya dpkg kwa faili za mipangilio, ambazo hukaa katika saraka ya /etc. Ikiwa msimamizi aliibadilisha faili, na toleo jipya la kifurushi nalo limekuja na faili tofauti, dpkg husimama ikauliza ipi itumike, na akibonyeza Enter bila kuchagua, yake ndiyo inayobaki.

Juu ya msingi huo wa Debian, mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alijenga mfumo wa Ubuntu, jina la Kinguni lenye mzizi mmoja na neno utu. Hadi 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta, na kwa kuwa amri ya apt-cdrom add huifanya CD kuwa chanzo cha vifurushi kama ilivyo seva, hata asiye na intaneti aliweza kusakinisha vilivyomo.