Mwendokasi Hewani: Kipimo Ambacho Macho ya Mrushaji Hayakioni

Anayerusha ndege ndogo ya rimoti husimama ardhini, na macho yake humpa mwendo wa aina moja tu: ule wa ndege kupita juu ya miti, uzio na nyasi. Bawa halina habari na miti. Linachokihisi ni hewa inayolipitia, na hewa hiyo nayo huenda iko safarini. Ndege ikigeuka ikaufuata upepo, mrushaji huiona inakimbia kupita kiasi, basi anaipunguzia moto. Huku chini inaonekana bado inakwenda vizuri. Kule juu hewa inayopita bawani imekwisha kuwa haba, kani inayoibeba inapotea, na ndege inaporomoka ikiwa haina hitilafu hata moja. Ndege nyingi mno zimekufa hivyo, na zitaendelea kufa hadi warushaji wazoee kuuliza swali moja: inakwenda kasi gani kulinganisha na hewa yenyewe?

Jibu la swali hilo ndilo istilahi ya makala haya. Tafsiri ya neno la Kiingereza airspeed inayokuja haraka ni "kasi ya hewa", na ina kasoro kubwa. Msomaji wa Kiswahili akikutana nayo ataelewa kasi ya upepo, kwa sababu neno "ya" linaipa hewa ule mwendo. Ukiliondoa ukaandika "kasi hewa", utata unabaki pale pale. Mimi natumia mwendokasi hewani. Mwendokasi ni neno ambalo mkazi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku akisubiri basi, na kiambishi -ni kinasema mwendo huo unafanyika ndani ya nini. Mwenzake, mwendo unaopimwa kwa GPS, nauita mwendokasi juu ya ardhi. Nimeepa "mwendokasi ardhini" kwa makusudi, maana kwa ndege huo ni mwendo wa kukimbia kwenye uwanja magurudumu yakigusa chini.

Pwani imeijua tofauti hii kabla ya ndege kuwapo. Baharia aliyetia batli majini alipata mwendo wa chombo chake ndani ya maji, si juu ya sakafu ya bahari. Mkondo uliokuwa ukibeba maji, jahazi na batli vyote pamoja haukujitokeza kwenye kipimo. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani yetu husukuma kwa nguvu kuelekea kaskazini, kwa hiyo anayepanda kutoka Kilwa kwenda Lamu alifika mbali kuliko batli ilivyomwambia. Batli ilikuwa sahihi. Ilijibu swali lake. Hata chombo tunachokifunga leo kwenye ndege kilizaliwa majini. Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa Henri Pitot alitumia mirija kupima mwendo wa maji ya mto Seine mjini Paris, na jina lake ndilo limebaki kwenye mrija huo hadi leo.

Mrija wa Pitot huelekezwa mbele, mdomo wazi. Hewa inayoingia haina pa kutokea, inasimama, na mwendo wake unageuka kuwa kanieneo. Njia ya pili, yenye vitundu ubavuni, huchukua kanieneo ya hewa ya kawaida inayoizunguka ndege. Mjerumani Ludwig Prandtl aliziunganisha njia zote mbili katika fimbo moja, na umbo hilo ndilo linaloonekana leo limechomoza mbele ya bawa la ndege ndogo, mbali na hewa inayovurugwa na panga boi. Ndani ya ndege, kihisi chenye ukubwa wa ukucha hupima tofauti ya kanieneo hizo mbili. Prosesa huigeuza kuwa mita kwa sekunde, huihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, na telemetria huirusha hadi kwenye rimoti, ambayo inaweza hata kuitamka kwa sauti ili mrushaji asiondoe macho angani.

Hesabu yake ni fupi: tofauti ya kanieneo ni nusu ya densiti ya hewa ikizidishwa na mraba wa mwendokasi. Huo mraba ndio unaoleta kazi. Kwenye usawa wa bahari, ambako densiti ya kawaida ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, mita 20 kwa sekunde hutoa paskali 245, lakini mita 10 hutoa 61 tu. Kihisi kinachotumika sana, MS4525DO katika toleo lake la psi 1, kina upeo wa paskali 6,900 hivi. Maana yake ndege inayokwenda polepole inatumia chini ya asilimia moja ya uwezo wa chombo. Sasa tuseme jua limekipasha kihisi moto na sifuri yake imesogea kwa paskali 5. Ndege inayokwenda mita 20 kwa sekunde itasomeka 20.2, na hakuna atakayejali. Iliyotulia mezani itasomeka karibu 2.9, kana kwamba inaruka. Ndiyo sababu mirija hufunikwa dhidi ya upepo na sifuri kuwekwa upya kabla ya kurusha, baada ya vifaa kupata joto lake la kazi. Hatua hii haina mbadala. Anayeiruka anakusanya namba asizoweza kuziamini pale pale zinapohitajika zaidi, yaani ndege ikiwa karibu kuishiwa mwendo.

Faida kubwa huonekana kwenye ndege zisizo na injini, ambazo sifa yake yote ni namna zinavyonyiririka. Chukua ndege inayokwenda mita 10 kwa sekunde hewani huku ikishuka nusu mita kwa sekunde. Inasonga mita 20 kwa kila mita moja inayoshuka. Ukiipima kwa GPS peke yake kwenye upepo wa omo wa mita 4 kwa sekunde, utapata 12. Ukiipima kwenye upepo wa tezi huo huo, utapata 28. Ndege ni ile ile, bawa ni lile lile. Asiye na mrija anaweza kuruka kwenda na kurudi, kisha akachukua wastani wa mwendo wa kwenda na wa kurudi: 6 na 14 hutoa 10, jibu sahihi. Asigawanye umbali wote kwa muda wote, maana atapata 8.4, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipambana na upepo.

Hata rekodi zinahitaji swali hilo hilo. Januari 2021, mrushaji Spencer Lisenby alifikisha maili 548 kwa saa, kama kilomita 882, kwa ndege ya rimoti isiyo na injini kwenye mlima Parker, California. Mwendo huo ulipimwa kwa rada iliyo ardhini, kwa hiyo ni mwendokasi juu ya ardhi. Mtu asiutumie kukadiria kani zilizolielemea bawa bila kwanza kuuliza upepo ulikuwa ukielekea wapi.

Kipimo hiki pia humnusuru mrushaji na udanganyifu wa altimeta. Ukivuta pua juu, ndege hupanda, na kifaa kinachopima upandaji hulia kwa furaha kana kwamba umepata hewa inayopaa. Lakini kupunguza mwendo kutoka mita 20 hadi 10 kwa sekunde hukupa karibu mita 15 za kimo kutokana na nishati uliyokuwa nayo tayari. Altimeta haiwezi kulijua hilo. Ikiunganishwa na mwendokasi hewani, prosesa hujumlisha nishati ya kimo na ile ya mwendo na kukuambia kama hewa imekupa kitu.

Istilahi yenyewe inahitaji kugawanywa mara moja zaidi, na kwa nchi zetu zenye pwani na nyanda za juu mgawanyo huu una uzito. Kwenye mita 1,700, karibu na kimo cha Nairobi, densiti ya kawaida ya hewa ni kama kilo 1.04 kwa mita ya ujazo. Chombo kilichopangwa kwa hewa ya Mombasa kikionyesha mita 15 kwa sekunde huko juu, ndege inapita hewani kwa 16.3. Namba ya kwanza naiita mwendokasi hewani wa geji, ya pili mwendokasi hewani halisi. Anayechora jedwali la ufanisi wa ndege aandike ile halisi, pamoja na joto na kimo cha siku hiyo. Anayekuja kutua afuate geji, kwa sababu bawa hubebwa na kanieneo ile ile ambayo mrija unaipima, na kiwango cha geji ambacho chini yake ndege huporomoka hakibadiliki kwa kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi.